Kisanduku cha Jumamosi

Jumatatu ile mke wangu alitoka kazini, akaingia jikoni bila kuvua koti, akaisukuma sahani yangu kando na kuweka kompyuta yake mahali pake. "Baba watoto," akasema, "si wewe ndio fundi wa hizi vitu? Niwekee kitu iniambie shifti yangu ya Saturday ikichukuliwa."

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nilikuwa nimeshinda mchana kutwa nikirekebisha kurasa za kampuni inayouza vipuri vya mashine za kukatia nyasi, kazi ninayoifanyia mezani hapa hapa nyumbani, na macho yalikuwa yananiwasha kama ya mtu aliyekata vitunguu gunia zima. Sikutaka kuona ukurasa mwingine wowote, hata uwe wa peponi. Lakini mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri haambiwi kwamba umechoka. Nikanawa mikono.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa ratiba ya kazi. Mke wangu anawatunza wazee katika nyumba moja huku ughaibuni, kule Maplewood: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Kwenye ratiba hiyo kila zamu ina kisanduku chake. Zamu yenye mtu ni ya kijivu. Ukitaka kuiachia, unaitoa hadharani, inakuwa ya kijani, na mwenzako yeyote anayeitaka anaibonyeza na kuibeba. Kisanduku chake cha Jumamosi, zamu ya asubuhi inayokwisha saa tisa alasiri, kilikuwa kijani kibichi. Alikuwa amekitoa tangu wiki iliyopita na hakuna aliyekigusa.

Jumamosi hiyo ndiyo siku ambayo wageni walikuwa waje kubisha hodi kwa ajili ya binti yetu. Upande wa kijana unakuja, unasimama nje ya mlango uliofungwa, unapiga hodi. Ninyi mlio ndani mnajifanya hamjui wamefuata nini. Katika ukoo wa mke wangu, anayeitikia hodi hiyo ni mama. Si baba, si mjomba, wala si msemaji wa kukodi. Mama anasimama nyuma ya mlango, anawauliza wametoka wapi na wanatafuta nini, anawazungusha kwa maneno mpaka aridhike, ndipo anafungua. Mama mkwe wangu alinisimamisha juani mpaka shati likanigandama mgongoni. Mke wangu hulisimulia jambo hilo kila Krismasi, na kila akilisimulia humtazama binti yetu. Alikuwa anaingoja siku yake.

Tarehe hatukuichagua sisi. Baba mkubwa wa kijana anaishi Texas, na wikendi hiyo tu ndiyo aliyoipata. Jumamosi jioni alitakiwa awe uwanja wa ndege. Habari ilipotufikia, ratiba ya Maplewood ilikuwa imeshatolewa, na ikishatolewa huombi ruhusa tena. Unatafuta mtu wa kukubebea zamu, au unaenda.

"Si ungekuwa unaangalia mwenyewe?" nikamwambia.

"Na simu ziko kwa locker? Wewe uko hapa kutwa na hiyo laptop. Nimechoka kuuliza watu. Nikipita kwa corridor wanajifanya wanafunga viatu."

Nikavuta kiti, nikaufungua ukurasa wake kwenye kompyuta yangu.

Kwa asiyejua kazi hii, mambo ni hivi. Kila kitu unachokiona kwenye ukurasa wa tovuti, kila kisanduku na kila kitufe, kimebandikwa mgongoni lebo ambayo msomaji haioni. Sisi mafundi tunaiita klasi. Lebo ikisema kisanduku kiko wazi, ukurasa unakipaka kijani. Ikigeuzwa kusema kimejaa, unakipaka kijivu. Rangi haina akili yake yenyewe, inafuata lebo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kisanduku kimechukuliwa, usihangaike na rangi. Chunga lebo.

Kuna namna mbili za kuichunga. Ya kwanza ni ya wapishi wasio na subira, kufunua sufuria kila mara kutazama kama wali umeiva. Unaiambia kompyuta iende ichungulie, irudi, iende tena, na hiyo inachosha mashine kama inavyochosha mtu. Ya pili ni kuweka mlinzi. Vivinjari vya siku hizi, zile programu za kufungulia kurasa, vina mlinzi wa tayari. Unamwonyesha kitu cha kulinda, unamwambia ni badiliko gani unalolitaka, naye anakaa kimya mpaka litokee. Likitokea anakuita, anakwambia lebo ilikuwa hivi, sasa imekuwa vile. Nilimwonyesha kisanduku cha Jumamosi. Nikamwambia asinisumbue kwa jambo jingine lolote isipokuwa lebo. Nikamfungia kengele ya baiskeli, maana sauti nyingine zote kompyuta yangu huzitumia kunikumbusha mikutano.

"Basi?" akauliza mke wangu.

"Basi. Ikilia, umepona."

Akaniangalia kama mtu aliyeahidiwa mvua. Kisha akaila ile nusu ya sahani yangu, akaenda kulala.

Jumanne kengele haikulia. Nilifanya kazi yangu nikiwa nimeinua sikio moja, nikakosea hesabu za ukurasa mzima, nikaurudia. Jumatano asubuhi vilevile. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo walisema kweli. Mchana nikaanza kumshuku mlinzi mwenyewe. Katika kazi yetu kimya ni kitu cha kuogopwa: hujui kama hakuna jambo au kama mtu wako amelala.

Nikachimba, nikakuta tatizo. Ukurasa ule wa ratiba ulikuwa na tabia ya kujipanga upya kila baada ya muda. Ulikuwa unalitupa jedwali zima, visanduku vyote na lebo zake, na kuchora jingine mahali pale pale, lenye sura ile ile. Mimi nilikuwa nimemwonyesha mlinzi kisanduku kimoja, na kisanduku hicho kilitupwa Jumatatu ile ile kabla mke wangu hajamaliza kula. Tangu hapo maskini alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba iliyobomolewa. Nikamhamisha. Nikamweka alinde eneo lote ambamo jedwali linachorwa, aangalie kila kisanduku kipya kinacholetwa na kulinganisha lebo yake na ya kile cha zamani. Halafu, kuhakikisha, nikaigeuza lebo kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye kompyuta yangu tu, bila kugusa ratiba halisi.

Kengele ikalia vizuri sana. Nyayo zikasikika ngazini, mbio. Mke wangu alikuwa amefika kutoka kazini na mimi sikumsikia. Alikuwa chini anafua nguo. Akatokea mlangoni ameshika soksi moja iliyolowa.

"Imechukuliwa?"

"Ni mimi. Nilikuwa najaribu."

Ile soksi ilidondosha maji kwenye zulia, tukaitazama wote wawili, kisha akashuka tena polepole akishikilia ukuta. Magoti yake si ya mtu wa umri wake. Nilijisikia vibaya, na kwa kuwa nilijisikia vibaya nikakasirika, nikamfuata huko chini.

"Hebu niambie," nikasema, "ni nani hasa anayeweza kuichukua hiyo shifti?"

Akaanza kuwataja mmoja mmoja akitoa nguo kwenye mashine. Yule wa chumba cha dawa. Yule aliyehamia juzi kutoka Nairobi. Wale wawili wanaokuja na gari moja. Yule dada wa Liberia wa jikoni, ana cheti cha kutunza wazee pia.

"Na wote hao Jumamosi watakuwa wapi?"

Mikono yake ikasimama.

"Watakuwa hapa," akasema.

Walikuwa wameshonesha sare. Mke wangu ndiye aliyekichagua kitenge, cha zambarau chenye ndege, na kila mwanamke wa pale kazini mwenye uwezo wa kumbebea zamu alikuwa na gauni la kitenge hicho kwa fundi au tayari kabatini. Aliwaalika wote. Hakumbakiza hata mmoja. Nilicheka, na kicheko hicho kiliniponza.

"Unacheka nini? Ulitaka nialike miti? Shughuli ni watu. Nikialika huyu nimwache yule, kesho yake nitasemwa mpaka nikome. Wewe unaweza kualika mtu nusu?"

"Basi si useme wewe ni mgonjwa. Watu wote hufanya hivyo."

"Nimwambie nani? Boss? Boss pia anakuja. Nimemwonyesha picha ya gauni. Ameniuliza avae viatu gani."

Sikucheka tena. Tulikaa pale kwenye ngazi ya chini, mashine ikizungusha duru yake ya mwisho. Mzungu ana mwaliko wenye idadi ya viti. Sisi tunamwalika kila anayesikia, halafu tunashangaa hakuna aliyebaki wa kulinda mji. Hakuna kabila jingine duniani ambalo lingejifungia nje ya nyumba yake kwa ukarimu.

Alhamisi nikampigia baba wa kijana kule Lakeville, nikamwomba tusogeze saa. Alikuwa mwungwana, alisikitika kweli, lakini ndege ya kaka yake haikuwa ya kusogezwa, na bila baba mkubwa wasingekuja. "Mama akikosa, tutaelewa," akasema. Nikamshukuru. Sikumpelekea mke wangu neno hilo la kuelewa, maana ndilo neno analoambiwa tangu tulipofika nchi hii. Walimu walielewa alipokosa siku ya wazazi. Mchungaji alielewa alipokosa ubatizo wa mtoto wetu wa pili, akabatizwa nikiwa nimembeba mimi. Miaka ile tukiishi Saint Paul tulikuwa tunapokezana mtoto kwenye maegesho ya magari, yeye akishuka mimi nikipanda, kiti bado kina joto lake. Mtu huzoea kueleweka mpaka asijue tena anachotaka.

Ijumaa mchana, nikiwa kwenye mkutano wa kazi, kengele ya baiskeli ililia.

Mkubwa wangu alikomea katikati ya sentensi. Nikasema samahani, nikazima sauti, nikafungua ratiba. Kisanduku cha Jumamosi kilikuwa kijivu. Nikaipakia upya ratiba yote, bado kijivu. Nikasoma alichoandika mlinzi: ilikuwa wazi, sasa imejaa. Nilipiga kelele hadi koo likaniuma, peke yangu, ndani ya nyumba tupu hapa Inver Grove Heights.

Nikampigia binti yetu. Anafundisha watoto wadogo na saa hiyo walikuwa wanakula. Nikamwambia mama yake amepata nafasi.

"Dad, seriously?" akasema. Halafu akasogea mbali na kelele, nikamsikia anavuta pumzi. "Kweli kabisa?"

Mtoto huyo Kiswahili husikia chote na kujibu kwa nadra. Nikamwambia kweli kabisa. Akalia kidogo, nami nikamwachia alie. Kisha nikatoa lile gauni la zambarau, nikalipiga pasi mimi mwenyewe, mikono na kola, nikalitundika kwenye mlango wa jikoni ili liwe kitu cha kwanza kuonwa na anayeingia kutoka gereji.

Mke wangu aliingia kabla ya saa kumi. Akaliona. Hakulisogelea.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Kengele. Kisanduku kimekuwa kijivu."

Akavuta kiti, akaketi, akaanza kufungua viatu. Alichukua muda mrefu na kamba moja.

"Ni mimi nimeirudisha," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Ikabidi anieleze kama mimi ndiye nisiyejua kurasa: zamu ikichukuliwa na mtu inakuwa kijivu, na mwenyewe akiiondoa hadharani akairudisha kwake, inakuwa kijivu vilevile. Lebo ni moja. Mlinzi wangu alikuwa amesema kweli tupu. Alisema kimebadilika kutoka nini kuwa nini. Ni mkono wa nani, na kwa nini, hayo hakuulizwa na asingeyajua.

"Kwa nini?" nikauliza. Nilikuwa nimesimama bado.

"Kwa sababu yeye alikuwa anaenda kuichukua."

Yeye huyo ni rafiki yake. Tulikuwa naye mlango kwa mlango kwenye yale maghorofa ya Saint Paul, mjane, mzaliwa wa Busia, na miaka hiyo yote alifanya kazi usiku. Mke wangu alikuwa na zamu ya asubuhi na nusu ya nyingine ya jioni, mimi nilikuwa ghalani mchana na darasani nikitoka ghalani. Basi la shule likimshusha binti yetu hapakuwa na mtu kwetu. Mama huyo ndiye aliyeamka usingizini, na kanga kifuani na macho hayajafunguka, akamfungulia mlango wake. Alimpa chai na mkate. Alimsuka. Alimsahihishia hesabu vibaya, ikabidi nizirudie. Hakuwahi kutwambia anachoka, na kila mtu anayelala mchana akaamshwa anachoka. Sasa yuko Maplewood pamoja na mke wangu.

"Tulikuwa lunch," mke wangu akasema. "Akaniambia, wacha niichukue mimi, wewe uende ufungue mlango wako. Alikuwa ameshaamka anaenda kwa computer. Nikamwambia angoje nimalize maji. Nikapita na ile computer nyingine ya kwa nesi, nika-cancel."

"Sasa si angekusaidia? Yeye mwenyewe amesema."

"Akae kule abadilishe watu diaper, na gauni lake liko kwa hanger, ndio mimi nisimame hapa niitwe mama?" Sauti yake haikupanda. Angekuwa amepiga kelele ningejua la kufanya. "Kulea mimba si kazi. Kazi ni kulea mwana. Mimi wakati huo nilikuwa job. Kesho pia nitakuwa job. Afungue yeye."

Nilimwambia anakosea. Nilimwambia tulikuwa kazini kwa ajili ya mtoto huyo huyo, kodi haikulipwa na upepo. Aliniacha niseme yote. Jioni yule rafiki alinipigia simu mimi, maana mke wangu hakuwa anaipokea yake.

"Shemeji, mwambie huyo bibi yako asinifanye mwizi. Siwezi simama kwa mlango ya mtu."

"Nimemwambia."

"Amesema?"

"Amesema usipofungua wewe, mlango usifunguliwe na mtu."

Akakata simu. Nikampigia binti yetu kumweleza. Nilizunguka sana kabla ya kufikia jambo lenyewe. Nilipomaliza akasema, "Okay." Ilikuwa ni ile okay yake ya utotoni, fupi na yenye adabu, aliyokuwa akinipa nikimwambia mama yuko kazini. Nilikuwa sijaisikia miaka mingi na niliichukia upya.

Jumamosi mke wangu aliondoka gizani kama kawaida, amevaa nguo zake za kazi. Gauni lilibaki mlangoni. Saa nne nyumba ilikuwa imejaa ndege wa zambarau, masufuria hayana pa kuwekwa, na mkubwa wake wa kazi ameketi kwenye kochi na viatu vyake vipya, anakula mandazi na kuuliza kila kitu kinaitwaje. Wageni walifika mchana. Nje kulikuwa na baridi ya Machi, ile ya theluji chafu iliyorundikwa kando ya njia, na baba mkubwa alikuwa amekuja na koti jepesi la Texas.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Yule rafiki alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ameshika kitasa kwa mikono miwili. Nilidhani hatajibu.

"Nani?" akasema mwishowe.

"Ni wageni. Tumetoka Lakeville."

"Manyumba makubwa yote ya Lakeville mkayaacha mkaja huku. Mnatafuta nini?"

Watu wakacheka ndani na nje. Baba mkubwa akasema kwa meno yanayogongana kwamba kuna msichana wamesikia habari zake.

"Wa hapa akitoka shule huwa na njaa," akasema yule rafiki. "Mtampa chakula?"

"Tutampa."

"Husahau gloves kwa bus. Mtarudi kuzitafuta?"

"Tutarudi, mama."

"Akiota vibaya hataki taa izimwe." Hapo kicheko kilikuwa kimekwisha, maana hakuwa anatania tena. Paji la uso lilikuwa limegusa mlango. "Mtakaa naye mpaka alale?"

Kijana mwenyewe, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema neno, akajibu, "Nitakaa naye." Mama wa Busia akafungua.

Binti yetu alikuwa chumbani, alikofichwa na shangazi zake. Alipoitwa alitoka, akapita katikati ya watu, akanipita na mimi niliyekuwa nimeshafungua mikono, akaenda mpaka mlangoni akamkumbatia yule mama. Walikaa hivyo. Mtu fulani akaanzisha wimbo, na wimbo ukatuokoa.

Mlango wa gereji ulisikika saa kumi kasoro. Baba mkubwa alikuwa ameaga na kupelekwa uwanja wa ndege. Waliobaki walikuwa kwenye chai. Nikangoja mke wangu aingie. Hakuingia. Nikashuka, nikamkuta ndani ya gari, injini imezimwa, mkanda bado umemfunga, kichwa kimeegemea kioo. Nilidhani amelala. Nilipofungua mlango wa pili na kuketi akasema bila kugeuka:

"Walikuja?"

"Walikuja. Wengine wako juu, wanakungoja."

"Alifungua?"

"Alifungua." Nikamweleza aliyoyauliza, la chakula, la glavu, la taa. La taa sikuweza kulimaliza vizuri. Alisikiliza huku akisugua kidole kimoja kwa kingine, vidole vilivyopasuka kwa kunawa kutwa.

"Mimi hiyo ya taa sikuwa naijua," akasema.

Juu yetu watu walikuwa wanatembea, dari la gereji likinguruma.

"Na alipotoka, alimkumbatia nani kwanza?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa amechoka, angeamini, au angejifanya ameamini.

"Yeye," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kama mtu anayesikia jina lake likisomwa mahali alipolitarajia. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa jambo lolote katika nchi hii, nikamshika mkono, naye akaniachia niushike. Tukakaa. Kisha akafungua mkanda, akajitazama kwenye kioo cha gari, akajifuta uso kwa kiganja.

"Haya," akasema. "Twende nikamsalimie mama yake."